Ua la Mama Halikufa

Chumba cha Cherehani,
Mkabala na Saluni ya Wifi.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Huku sisi wazima, ila macho yangu sasa yanadai miwani ndipo nitunge uzi kwenye sindano. Mengine namshukuru Mungu.

Nakuandikia jambo ambalo kwenye simu ningelia nikashindwa kulimaliza. Unalikumbuka lile ua la mama la dirishani, lenye majani marefu membamba yenye mstari mweupe katikati, linaloning'iniza watoto wake hewani kama buibui kwenye uzi? Uliambiwa msibani kwamba lilikauka lenyewe kwa kumkosa mama. Wifi yetu aliisimulia habari hiyo mbele ya waombolezaji, na watu wakatoa leso. Hata mimi nilitoa yangu.

Dada, ule ulikuwa uongo mtupu.

Mama alipolazwa, wifi alitaka dirisha lile kwa ajili ya kioo chake kikubwa. Akalibeba ua na chungu chake akalitia kwenye pipa la taka, likiwa bichi, lina watoto kumi na mmoja. Mama aliporudi kutoka hospitali akaliulizia. Akajibiwa kwamba limekufa kwa kumkosa. Wiki tatu zake za mwisho alilala akitazama kioo. Siku moja nikimlisha uji aliniambia, "Nimeliua mwenyewe kwa kuliacha." Nilimbembeleza tu, nikamlisha kijiko kingine.

Tulipotoka kuzika, yule mama anayefagia ngazi za jengo alinivuta pembeni. Alisema alimwona wifi akilitupa, naye akaliokota akalipanda kwenye kopo la rangi, katika chumba chake cha mafagio, ghorofa mbili chini ya kitanda cha mama. Hakujua kama mama analililia. Alidhani tumelichoka. Nilipolitoa kwenye kopo nikakuta mizizi imenenepa, myeupe kama vidole vya mtoto mchanga. Humo ndimo linamoweka maji yake, ndiyo maana pipa halikuliua.

Sikumgombeza wifi. Hata kaka sikumwambia. Nililiweka karibu na cherehani yangu, penye mwanga lakini jua lisiligonge, nikalimwagilia udongo ulipokauka juu. Likazaa. Kila mtoto nilimweka kwenye glasi ya maji, mizizi ikitoka nampanda, nikimaliza nampeleka barabarani kwetu. Wa kwanza alikwenda kwa daktari wa meno. Wa pili kwa muuza dawa, halafu kwa fundi viatu, kwa mwalimu mkuu, kwa wale dada wa kupiga chapa. Mwaka mzima. Na kila chungu nilikivisha utepe niliotarizi kwa mkono wangu: "Mtoto wa ua la mama yangu, lililotupwa kwenye taka likiwa hai."

Jina la mtu sikuandika. Lakini watu wana akili zao, na msibani walikuwepo. Mteja akitoka kung'olewa jino anakwenda kusukwa, na akikaa kwenye kiti cha saluni anauliza kwa upole kabisa: hivi lile ua la mkweo si ulituambia lilikauka? Mimi nipo ng'ambo ya barabara, napindisha marinda, naona mgongo wa wifi ukikakamaa. Nakwambia kweli dada, siku hizo chakula kilikuwa kinanipita vizuri.

Alhamisi iliyopita alikuja. Ndani nilikuwa na wateja watatu. Akaniomba kwa sauti ya chini niondoe zile tepe. Nilimwambia nitaziondoa akisema mwenyewe alichofanya. Akanong'ona kitu. Nikasimamisha cherehani nikamwambia sikusikia.

"Nililitupa mimi," akasema. "Nilitaka dirisha."

"Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia limekufa." Hapo akaanza kulia.

Alipojifuta, aliniomba mtoto mmoja wa lile ua, akamtunze kwa ajili ya mama. Mezani palikuwa na glasi nne. Nikampa kila mteja yake, mmoja baada ya mwingine, yeye akitazama. Ya nne nikaifunika kwa kitambaa. Nikamwambia, "Hii ni ya dada. Yako haipo."

Nilidhani nitaumia kidogo. Sikuumia.

Ahadi nimetimiza. Ijumaa nilizunguka na mkasi mdogo nikakata tepe zote. Waliokwisha kusoma wamekwisha kusoma. Kaka naye alikuja jana kunisihi nisamehe, maana mkewe sasa anaingia saluni kwa mlango wa nyuma. Nilimtilia chai, nikamwongezea sukari kama anavyopenda, nikamjibu hapana. Najua na wewe utataka kunisihi. Nakuomba usinisihi, dada. Wewe hukuyaona macho ya mama kwenye kile kioo.

Anayekuletea barua hii ana kifurushi chako, mizizi imefungwa kwa kitambaa chenye maji. Huyo mtoto wa ua umpande siku hiyohiyo. Maji ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo, yakitoka tu bombani dawa yake inaunguza ncha za majani. Chungu kisiwe kikubwa, lenyewe linapenda kubanwa ndipo lizae.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, hasa kitinda mimba wenu. Mama mfagiaji anakusalimu sana. Kaka anakusalimu. Mkewe hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akupe siha, na goti lipate nafuu.

Mimi mdogo wako,
nikupendaye na nisiyesahau.