Majivu ya Verlon Yanangoja Ushindi

Charlene mwanangu,

Maboga ya hapa Alabama yameiva, na mbwa amepona mguu.

Unauliza kwa nini majivu ya baba yako bado ninayo. Aliniusia niyamwage uwanjani siku chuo chetu kitakaposhinda mechi ya futiboli ya Kimarekani. Msimu huu tumefungwa mara tisa. Jumamosi ilibaki yadi moja tu kufika mstari wao tushinde, kocha akaamuru mpira upigwe mbali kwa mguu, tukawaachia wapinzani.

Bi Odessa, anayekaa nyuma yetu, akafoka, "We kocha, unaogopa kushinda?"

Watu wakacheka. Mimi niliinamia kopo la majivu, kwenye kiti cha kaka.

Jana kocha kaongezewa mkataba wa miaka mitatu. Mji mzima umenuna. Mimi nilishukuru kimoyomoyo, maana siku tukishinda nitarudi nyumbani peke yangu.

Baba yako mdogo,
Harlan