Mimba Haihesabiwi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baridi. Upepo wa hapa Kizwite unaingia mpaka kwenye meno. Wajawazito wangu nimewapikia uji wa ulezi, wamemaliza wote. Wanatoka mbali hawa — Wampembe, ziwani huko — wanangojea siku zao hapa karibu na hospitali, wasije wakajifungulia njiani. Chumba chetu ni kimoja, vitanda vinne tu. Wanalala wawili wawili, matumbo yanagombana.
Mjukuu wangu Angela ndiye katibu wa kikundi chetu. Anaandika andiko la kuomba wafadhili watujengee chumba cha pili. Tukikosa, wengine tutawarudisha kwao. Mimi mtu aliyekuja na tumbo simrudishi. Basi tupate.

Jumatano, 5 Juni
Angela kaja na karatasi. Bibi, wanufaika waliopo sasa ni wangapi? Nikamuuliza wanufaika ndio wadudu gani. Kumbe hao wajawazito. Hao ni wageni wangu, nikamwambia, na sikuhesabii. Mimba haihesabiwi kabla mtoto hajalia. Mama yangu alinikataza, na nimezaa tisa, wote wazima. Nenda kahesabu mahindi.
Akasema bila namba mfadhili hatoi kitu. Nikamjibu, mke mwenzangu, umesoma mpaka umesahau adabu. Akanuna. Chai yangu aliinywa lakini.

Ijumaa, 7 Juni
Angela kajaribu hila. Kapita chumbani kugawa sabuni, huku midomo inacheza — anahesabu. Fransiska, ambaye siku zake zimefika, akamwona, akafunika tumbo kwa kitenge. Wenzake nao wakafunika. Wote wakageukia ukutani. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi, 8 Juni
Mfadhili kaja. Bi Ummy, wa Dar, viatu vyeupe. Kaniamkia vizuri, na magoti kapiga. Angela akasoma makaratasi yake. Alipofika pa namba akanitazama, akakwama. Nikatazama dari.
Bi Ummy akanigeukia. Sasa bibi, mimi nitajuaje kazi yenu inakua?
Nikamwambia njoo jikoni. Nikampangia masufuria chini. Hili dogo la mwaka wa kwanza, lilitosha na kubaki. Hili la mwaka wa pili. Hili la sasa ni la misibani, tumeazima parokiani, na kila asubuhi naukwangua ukoko. Kama unamjua mtu anayepika uji mwingi ili aumwage, nionyeshe.
Akauliza, na mwakani je?
Sufuria la mwakani nitalitafuta mwenyewe, nikamwambia. Pa kuwalaza wanywaji wake ndipo hatuna.
Hakuandika kitu. Akainama juu ya moto, akauliza mbona uji wetu hauna mabonge. Mabonge ni ya wavivu. Nikampa mwiko: usisimamesimame, koroga, usiache pembeni. Angela mlangoni ananikonyeza, eti nimheshimu mgeni. Nimemheshimu, nimempa kazi.
Anakoroga vibaya, ila hachoki. Anamuuliza Fransiska, aliyekuja kuota moto, huko Wampembe mtu anasafirije na tumbo. Fransiska anamweleza — ziwani kwanza, halafu kuupanda mlima mpaka huku. Fransiska hajahimizwa na mtu.
Naandika nimekaa juu ya kuni. Chumba bado hajakitaja. Dereva wao kapiga honi mara ya tatu, wanatakiwa wawe wamefika Chala kabla ya saa nane. Bi Ummy kamwambia Angela akamwambie azime gari, uji haujaiva.