Mama, Safari Hii Nimelaza Nyasi

Mama yangu wa Mbuji,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza kusema nawe bila shikamoo mdomo wangu unakataa.

Unazikumbuka ngoro zetu, matuta yale ya mteremkoni? Tulifyeka nyasi, tukazilaza miraba miraba, tukachimba katikati na kuzifunika kwa udongo ili mvua isishushe shamba zima bondeni. Nilipokuwa darasa la tano ulinipa kona yangu mwenyewe. Uvivu ukanishika. Nilirundika udongo mtupu, nikausawazisha ukapendeza kuliko wako. Ukapita ukigonga matuta kwa mpini wa jembe, ukisikiliza. Kwangu ukasimama.

"Hapa hujalaza nyasi."

Nikaapa nimelaza. Hukunipiga wala hukufukua. Mvua kubwa ya kwanza ilipobomoa tuta langu, ulinipa tu jembe nianze upya.

Kazi yangu hukuielewa, na kosa ni langu, sikukueleza. Ni hiyo hiyo ya mpini. Meli yetu huenda bahari ya kusini kabisa, kwenye barafu, ikipiga mshindo majini. Mlio hushuka, hupenya tope na miamba, kisha hurudi, nasi tunausikiliza kwa vinasa sauti vilivyofungwa kwenye waya mrefu nyuma ya meli. Ndivyo tunavyojua mahali bara la barafu lilipoachana na Afrika yetu, zamani ambazo hapakuwa na mtu wa kushuhudia. Hata Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay tulikoshuka kununua dagaa wa usipa, ni ufa ambao bado unapanuka. Ningekuambia hivyo ungenicheka mpaka jioni.

Wala safari yenyewe sikukuambia. Ulikuwa mgonjwa, nikaogopa utanizuia nisiende. Nilipokupigia kwa simu ya meli ukauliza, "Uko wapi, mwanangu?" Nikajibu, "Dar es Salaam, mama, ofisini." Ukasikiliza, kisha ukasema:

"Haya. Vaa nguo nzito."

Nguo nzito, Dar es Salaam, na joto lile! Nami sikushtuka.

Siku chache baadaye ukafariki, na meli haikuweza kugeuka. Ulizikwa bila konzi yangu ya udongo. Hilo linaniuma, mama. Nimerudi nalo mpaka hapa nyumbani, nikiamini uliondoka ukinisubiri kwa sababu ya uongo wangu.

Jana dada Otilia alinieleza. Baada ya simu ile ulimgeukia ukamwambia, "Mdogo wako yuko mbali kuliko anavyosema. Nikifa msimsubiri, wala msimgombeze."

Nililia mbele yake bila aibu. Niwie radhi, mama, kwa uongo wa shambani na kwa huu wa simu.

Asubuhi hii nimepanda mteremko na jembe lako. Kona yangu ilikuwa imegeuka pori. Nimefyeka, nimelaza, nimefunika, mikono imetoka malengelenge. Kisha nikageuza jembe, nikagonga kwa mpini, nikasikiliza.

Pita upagonge na wewe, mama. Nyasi zipo.

Mwanao,
kitinda mimba wako