Kwa Shangazi, Kuhusu Mvumu Ambao Kitabu Kilisema Haupo

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kumwacha mwenzio amalize sentensi. Sasa nimepata nafasi, na nina uongo wa kukiri. Wewe unaujua, ila hawa watakaoisoma barua hii hawaujui.

Unavikumbuka vile vitabu viwili. Mama mzungu wa mradi wa miche, aliyepanga chumba chako cha uani alipokuja Makere kuorodhesha mivumu na mikuyu ya zamani kabla haijaishia jikoni, aliviacha kitandani siku aliyoondoka. Kimoja kinene, chenye picha. Kingine chembamba, maswali matupu. Vyote vya kutambulia aina za miti hiyo, na vyote kwa Kiingereza. Kile kinene ukakipa kazi papo hapo: kufunika mtungi, kuku wasinywe maji. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa na kamusi iliyokatika kwenye herufi M. Maneno ya kuanzia N niliyasoma kwa imani.

Halafu kambi za wakimbizi zikajaa huku Kasulu na kule Kibondo, kila jiko likataka kuni, na Baba mdogo Zakaria, kitinda mimba wenu, akanunua msumeno. Siku ile ile akaanza kuutazama mvumu wako wa mpakani kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu Waha, fimbo ya mvumu ikichomekwa na mwenye shamba ikaota, hiyo ndiyo karatasi ya mpaka. Mvumu uliojiotea kwa kinyesi cha ndege si karatasi ya mtu, ni kuni. Wewe uliporudi kutoka kwa mumeo Kibondo, babu alikukatia kiwanja na kuchomeka fimbo. Zakaria akasema mti ule ni wa ndege, kwa hiyo hakuna mpaka, kwa hiyo hakuna kiwanja, kwa hiyo dada ahamie jikoni kwa mkewe. Babu alikuwa ameshakufa. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, "Si kuna vitabu? Basi vije vitoe ushahidi."

Jioni ya kuamkia kikao tulikaa na kile chembamba. Kilikuwa kinauliza, ukijibu ndiyo kinakutuma namba hii, ukijibu hapana kinakutuma ile.

"Kinauliza kama jani lina manyoya kwa chini," nikakuambia.

"Kinataka lipi?"

"Hakitaki kitu, Shangazi. Kinauliza tu."

"Hakuna anayeuliza bila kutaka kitu. Ukisema hayapo, tunakwenda wapi?"

"Tunakwenda kwenye mvumu wa kupandwa."

Ukalichukua jani, ukalisugua kwa upindo wa kanga mpaka likang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. "Haya. Angalia tena. Kweli lina manyoya hili?"

Kikaoni Zakaria akadai haki, kila upande uwe na kitabu chake. Akachagua kinene, kwa unene. Msomaji wa Kiingereza nilikuwa peke yangu, nikawa wakili wa dada na wakili wa kaka kwa wakati mmoja, na wote wawili walikuwa wakinikazia macho.

Nikaanza na chembamba. Shangazi, nilikuwa nimechuma jani jingine asubuhi, ambalo halijapitia kanga. Maswali yote nikayafuata kwa uaminifu, na mwisho wake kikasema waziwazi: aina hii hupandwa na ndege. Mstari wa juu yake ulikuwa wa aina inayopandwa na watu. Kidole changu kikapanda mstari mmoja. Nikasoma kwa sauti ya kanisani.

Kile kinene nikakisoma bila kuongeza wala kupunguza, ili angalau roho yangu ipate nusu. Kikasema aina hiyo ya kupandwa, Kigoma haipo.

Zakaria akasimama. "Jamani, mmesikia wenyewe. Mti haupo! Sasa mimi nikikata kitu ambacho hakipo, kosa langu liko wapi?"

Watu wakacheka, lakini niliona vichwa viwili vitatu vikitikisika kumkubali.

"Zakaria, mwana wa mama," ukasema bila hata kunyanyuka, "kama haupo, na kuni zake hazipo. Huko kambini utapeleka nini? Kivuli?"

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Kitabu cha dada kinasema ulipandwa. Cha kaka kinasema haupo. Vyote ni vya mzungu mmoja, siwezi kukubali kimoja nikakataa kingine. Kwa hiyo mti ulipandwa, na haupo. Usiokuwepo haukatwi. Tawanyikeni."

Njiani ukaniambia, "Haya, tuko wawili. Kilisema nini hasa?"

Nikakuambia ukweli. Nilitegemea kofi. Ukatangulia mpaka mtoni.

"Ile fimbo ya baba ilikufa," ukasema. "Nililia siku tatu. Mwaka uliofuata ukaota huu, pale pale penye tundu la fimbo. Ningemwambia nani, akaniamini? Wewe umesoma vizuri."

Basi leo nina habari. Kiwanja uliniachia mimi kwa mdomo, na wiki iliyopita kamati ya kijiji ilipita kupima mipaka na kuandika. Wakaufikia mvumu. Karani akauliza nani aliupanda. Nikafungua mdomo kurudia uongo ule ule, nikajikuta namuuliza kama kalamu yake ina wino wa kutosha.

Baba mdogo Zakaria, aliyekuja na mkongojo wake bila kualikwa, akanisogeza pembeni.

"Andika baba yangu," akamwambia karani. "Alimpandia dada. Mimi nilikuwepo, nilishika jembe."

Shangazi, mwaka ule Zakaria alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tena mgongoni kwako. Nikamtazama, naye akaangalia juu kwenye matawi, kama anayehesabu ndege.

Karani akaandika. Sikumrekebisha.

Pumzika, Shangazi. Kiwanja ni chako, na safari hii waongo tuko wawili.

Ni mimi,
binti wa kaka yako.