Mkanda wa Watasema

Kwako Barasa, uliyekuwa mpenzi wangu,

Sikumpa mtu mbwa wetu. Nilikudanganya siku ile uliposimama nje ya lango la mama hapa Kaloleni, mfuko ukiwa begani, na miaka mitano sasa naishi ndani ya uongo huo. Nakuandikia hadharani, gazetini, kwa sababu nimesikia una mke na mtoto huko Webuye, na sioni kama nina haki ya kutuma bahasha mlangoni kwao.

Unakumbuka tulivyompata? Mvua ilitukimbiza hadi kwenye baraza la ukumbi wa mtaa, tukamkuta ametutangulia kujibanza: mtoto wa mbwa, mwekundu, sikio moja limelala. Wewe ndiye uliyemwita Watasema. Wakati huo Mama Fausta, jirani yetu, hakuchoka kuuliza msichana aliyesoma hadi chuo kikuu anatafuta nini kwa fundi wa karakana ya reli. Ukaniambia, "Kwetu mtu hagombani na jirani. Anafuga mbwa, halafu anamwita kwa sauti." Basi kila ulipofika langoni ulipaza sauti, "Watasema! Watasema, njoo!" na dirisha la Mama Fausta likafungwa kwa kishindo. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Alikuwa mbwa wa nyumba mbili. Kwako Makongeni alilala, kwetu alikula. "Amefanana na mwenyewe," mama alilalamika. "Ugali ukiiva ndipo namwona." Ulipoukata mkanda wa suruali yako ili yeye apate wa shingoni, ukaja kwetu umejifunga kamba ya katani, mama alikutazama toka juu hadi chini. "Jamani! Mbwa amevaa, mwanamume anashikilia suruali. Mkwe gani huyu?" Ilikuwa mara ya kwanza kukuita mkwe. Tulijifanya hatukusikia, lakini uliniminya kidole chini ya meza.

Na kila king'ora cha karakana kilipolia saa kumi, Watasema aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni mfupa, akakimbia kukulaki njiani.

Ulipopunguzwa kazi, nyumba ya Makongeni, iliyokuwa ya reli, ilikwenda pamoja na kazi. Ukaniletea mbwa siku ya kuondoka kwenda kwenu. "Mwanamume anayekusudia kupotea huondoka na mbwa wake," ulisema. Nililiamini neno hilo kuliko ambavyo ningeliamini pete. Barua zako zilikuja tatu, kisha kimya cha miezi minne. Jumapili moja, baada ya kanisa, nilimvua Watasema ule mkanda nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Hakuelewa. Alijikuna shingo siku nzima. Na saa kumi aliendelea kwenda njiani kukungoja, akarudi peke yake, jambo ambalo, nakiri, lilinikasirisha kama dhihaka.

Kisha gari lenye kipaza sauti likapita mtaani. Kuna kichaa cha mbwa, lilitangaza; kesho mbwa yeyote asiye na mkanda shingoni atahesabiwa kuwa hana mwenyewe, na atapigwa risasi. Nilisikia kila neno, Barasa. Asubuhi, kabla ya kwenda shuleni kufundisha, niliushika mkanda mkononi. Kumvisha kungekuwa kukiri kwamba bado nakungoja. Nikaurudisha msumarini, nikalifunga lango kwa waya, nikajiambia hatatoka.

Nilisahau saa kumi. Ama sikusahau, sijui tena.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kizingitini. "King'ora kililia tu, akapenya chini ya michongoma," aliniambia. "Nilimwita, mwanangu. Niliita jina lake hadi watu wakatoka nje. Hakugeuka." Walimpiga risasi kwenye njia ile ile uliyokuwa ukijia. Mama Fausta ndiye aliyeleta gunia la kumfunikia, na kwa mara ya kwanza hakusema neno.

Wiki mbili baadaye ukaja. Ulikuwa umekonda, umenyoa kichwa, na nilijua kabla hujafungua kinywa kwamba ulikuwa umezika. Mama yako, ulisema. Aliugua miezi yote hiyo. Halafu ukapiga mluzi, ukangoja.

"Yuko wapi?"

"Nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa mtaa wa Mowlem."

"Alikubali kwenda?"

"Alikwenda."

Mfuko hukuutua. Ulisema, "Haya basi, mwalimu," ukageuka. Nilijua vizuri uongo huo ungekuambia nini juu yangu na wewe. Niliona ni afadhali uniite mwanamke aliyekuchoka kuliko mwanamke aliyemwacha mbwa wako auawe kwa sababu ya kiburi. Ningeweza kukimbia nyuma yako. Hadi kona ya ukumbi si hatua mia. Nilisimama.

Huenda namkuza mbwa ili nisijitazame mwenyewe. Huenda ulikuja kuniaga tu, na ukweli usingebadilisha lolote. Nimejaribu kuyafuata mawazo haya kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, na kila mara nafika pale pale: sijui mfuko ule ulikuwa na nini, wala ulikuja kusema nini, kwa kuwa sikukupa nafasi ya kusema. Yeye alikufa akikulaki. Mimi ulinikuta langoni, mzima, nikakurudisha.

Mama amezeeka, haulizi tena juu yako. Mkanda ungali kwenye msumari, na tundu ulilolitoboa kwa msumari wa moto bado limeachama. King'ora kikilia nami nipo nyumbani, nanyanyuka kabla sijakumbuka, nafika hadi langoni. Waya niliofungia asubuhi ile sijawahi kuufungua. Tunapitia upande wa nyuma.

Sikuombi msamaha, wala jibu. Nilitaka tu ujue kwamba hakwenda kwa mtu mwingine. Kaa salama na walio wako.

Mimi,
niliyekuwa mchumba wako