Dirisha la Chumba cha Kushonea Nyumbani kwa Pascalia

KIKUNDI CHA AKINA MAMA WASHONAJI, SHINYALU

Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996, kilichofanyika katika chumba cha kushonea, nyumbani kwa Bi. Pascalia

Waliohudhuria: Bi. Teresa (Mwenyekiti), Bi. Mildred (Katibu), Bi. Pascalia (mwenye nyumba), Bi. Mideva (alichelewa), na wanachama wengine
Mwalikwa: Bw. Phineas, mume wa Bi. Pascalia
Aliyetoa udhuru: Bi. Sylvia, amejifungua mtoto wa kike. Wote wawili wazima.

KUMB. NA. 1/9/96: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana kwa sala. Aliwaomba wanachama waache kushikashika kuta kwa kuwa chokaa ilikuwa mbichi. Hakusikilizwa.

KUMB. NA. 2/9/96: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA
Ilikumbushwa kwamba chumba hiki kilikuwa stoo ya mahindi na hakikuwa na dirisha. Bw. Phineas alikuwa amekataa lisitobolewe, akihofia wezi. Kwa hiyo kikao kilichopita kilipendekeza vyerehani vihamishiwe barazani kwa Mwenyekiti. Siku hiyo Bi. Pascalia hakuleta chai. Mwenyekiti alisema hakuwa na nia ya kumnyang'anya mtu kikundi. Bi. Pascalia alijibu kwamba amesikia.

KUMB. NA. 3/9/96: KUBOMOLEWA KWA UKUTA
Bi. Pascalia alieleza kwamba wiki iliyopita Bi. Mideva, aliyewafundisha karibu wanachama wote kushona blanketi za viraka, aliunganisha safu nzima upande wa ndani ukiwa nje. Alipoonyeshwa, aliweka sindano chini akasema, "Macho yangu yamekwisha. Tafuteni mwingine, mimi sasa ni mzigo." Alikwenda zake, na kila alipoitwa alikataa kurudi.

Bw. Phineas alikuwa sebuleni akasikia yote. Asubuhi yake alichukua nyundo akabomoa ukuta mahali pa dirisha bila kumwambia mtu, vitambaa vyote vikiwa ndani.

Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba gauni jeupe la bibi harusi, mteja wake, liligeuka rangi ya udongo. Imeandikwa.

Bw. Phineas aliomba kujieleza. Alisema, "Huyu mama ndiye alishona nguo za ubatizo za watoto wangu wote. Halafu anasema yeye ni mzigo, ndani ya nyumba yangu? Hata obusuma, ugali wa jioni ile, haikushuka." Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakutoa vitambaa kwanza. Alijibu, "Mama, ningengoja kutoa vitambaa, ningebadilisha mawazo." Kikao kilicheka kwa muda.

KUMB. NA. 4/9/96: KAZI ILIYOFANYWA
Wanachama walikanda udongo, wakasiliba ukuta na kupaka chokaa. Mlango wa zamani ulifanywa meza ya kukatia vitambaa. Bw. Phineas aliweka vyuma dirishani ili alale kwa amani. Bi. Teresa na Bi. Pascalia walikwenda pamoja mtoni kufua gauni, wakarudi wakicheka. Sababu ya kicheko haikuelezwa kikaoni. Gauni lilitakata na bibi harusi hakujua lolote.

Pendekezo la kuhama lilifutwa. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

KUMB. NA. 5/9/96: NAFASI YA DIRISHANI
Mwenyekiti alipendekeza cherehani chake kikae dirishani ili wateja wamwone kutoka barabarani. Bi. Pascalia alisema ukuta haukubomolewa kwa ajili ya wateja. Sauti zilianza kupanda.

Wakati huo Bw. Phineas, aliyekuwa ametoka kimyakimya, alirudi akisukuma baiskeli, Bi. Mideva amekaa nyuma na ingokho kwapani, kuku wa mgonjwa. Alikuwa amedanganywa kwamba Bi. Pascalia anaumwa. Aliingia akiuliza, "Mgonjwa ako wapi?" kisha akatazama kuta, akatazama dirisha.

Mwenyekiti mwenyewe alisogeza cherehani chake kando, akaweka kiti mahali pake.

"Msinikalishe dirishani kama picha," alisema Bi. Mideva. Lakini aliketi. Alipewa sindano na uzi. Mara ya kwanza uzi ulikosa tundu. Mara ya pili uliingia.

"Kumbe lilikuwa giza tu," alisema.

Vigelegele vilipigwa, na Katibu hakuweza kuandika kwa sababu naye alikuwa akipiga. Kisha Bi. Mideva aliivuta ile safu iliyoharibika, akaikagua kwenye mwanga akauliza, "Nani alishona upuuzi huu?" Alicheka yeye kwanza.

KUMB. NA. 6/9/96: KUFUNGA
Hapakuwa na mengineyo, kwa kuwa kila mwanachama alikuwa ameshachukua kiraka chake. Mwenyekiti alitangaza mwisho wa kikao mara mbili. Katibu ameandika saa kumi na moja jioni, ingawa hakuna aliyeinuka, na mwanga ulikuwa bado unatosha kushona.

Teresa, Mwenyekiti: ....................
Mildred, Katibu: ....................