Jiko la Kioo Kipana

Dada yangu,

Shikamoo. Huku baridi imekaza, na mtoto wetu ameota jino la tatu. Anang'ata kila kitu.

Nilikuambia mama amehamia kwa mama mdogo kwa kuwa walikuwa wamekumbukana. Nilikudanganya, dada.

Unajua tulikubaliana nitie jiko la chuma la kuni ndani ya meko ya sebuleni, ili mama apate joto. Fundi alipima chumba, akanionyesha dogo. "Hili linawatosha, kaka. Mkiweka kubwa mtalibana hewa ili lisiwaunguze, na kuni zikikosa hewa zinatoa moshi tu." Mimi nikachagua kubwa lenye kioo kipana, kwa sababu jirani analo kama hilo.

Ikawa vilevile alivyosema. Tukiliachia, sebule inageuka tanuri, tukilibana, moshi. Mama akaanza kukohoa. Nikawaambia wageni, naye yupo pale pale akisikia, kwamba ni uzee. Asubuhi yake nilimkuta amefunga mkoba wake. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi niliomba joto tu."

Jana fundi aliling'oa, akaweka lile dogo. Linawaka vizuri, halitoi moshi. Mara tatu nimeshika simu nimpigie mama, haya ikanishinda. Jumamosi nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi.

Tafadhali, usimpigie kunitetea kabla sijafika.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso wa kukutazama.